Harrier ACU30 sabufremu ya mbele imepinda, used ya V6 inaingia kweli?

MtotoWaMsamvu

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya chini ya gari. Nina Harrier tako la nyani, ACU30, cc 2400, ya 2005, 2WD. Juzi juzi hapa nikiwa natoka Dodoma usiku nikapitiwa na tuta halina rangi wala kibao, gari ikaruka afu ikatua upande wa kushoto kwenye ukingo wa kalavati, mlio wake acha tu. Tairi haikupasuka, rimu ikapinda kidogo, nikaja nayo taratibu hadi Moro. Toka hapo nikinyoosha gari usukani unaangalia kulia, na tairi ya mbele kushoto inaliwa upande wa ndani vibaya mno.

Nimepeleka alaimenti jamaa akahangaika akasema hii hairudi, kuna chuma kimepinda huko chini. Fundi wangu kaingia shimoni kaangalia kasema ni sabufremu, ile fremu inayokaa chini ya injini ambayo wishboni (mkono wa chini unaoshika tairi), stabilaiza (chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona) na stering raki (inayogeuza tairi) vyote vinafungwa humo. Anasema aidha aishushe ainyooshe kwa moto na kuchomelea, laki moja na nusu pamoja na ufundi, au nitafute used afunge.

Nimempigia winga (dalali wa spea) mmoja wa Ilala, anayo, anataka laki nne na nusu, kanitumia picha imepakwa rangi nyeusi inang'aa kama viatu vya mwanajeshi. Nikamuuliza hii ni ya ACU30? Akasema ni ya MCU30 ile V6 (silinda sita) "ila Harrier zote ni moja boss wangu, hata ya Kluger inaingia" (Kluger ni Toyota nyingine). Na kuna shemeji yangu anasema Sharjah zipo bei chee anaweza kuniunganishia. Sasa nauliza, hiyo ya V6 itaingia kweli au napigwa? Na hili la kunyoosha mnalionaje, maana hela yenyewe ya mawazo.

FundiChini_Tegeta

Pole mkuu. Usitume hela kwa mtu yeyote kwanza. Fundi wako anaweza kuwa sahihi ila kwa kuangalia tu kwa macho akiwa shimoni mimi sikubali haraka, mana kwa gari iliyogonga ukingo kwa tairi moja mara nyingi wishboni ndo inaanza kupinda, au shokapu, au kile chuma kinachobeba habu (kitovu cha tairi). Hivyo vyote ni rahisi kuvipata na kuvifunga kuliko sabufremu, kwa hiyo vinaangaliwa kwanza.

Fanya hivi. Nyoosha tairi za mbele, chukua futi, pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kushoto na kulia. Kushoto ikiwa fupi maana yake tairi imerudishwa nyuma. Afu mwambie fundi afungue wishboni zote mbili, ya kushoto na ya kulia ni kama kioo cha mwenzake, pima umbali kutoka boljointi (kiungo cha upande wa tairi) hadi tundu la bushi (mpira wa kiungo) ya mbele na hadi ya nyuma, linganisha. Zikiwa tofauti wishboni imekwisha hiyo. Zikiwa sawa na gari bado fupi ndo unahamia kwenye sabufremu, unapima mshazari, tundu la wishboni kushoto hadi bolti kubwa ya nyuma kulia, afu kinyume chake. Na usisahau kuangalia bodi pale sabufremu inapofungwa. Kama bodi yenyewe imevutwa, hata ununue sabufremu mpya ya Toyota gari itaendelea kuvuta vilevile.

Sasa swali lako. Neno Harrier kwenye spea za chini halina maana yoyote. Angalia kibati cha kwenye faya woli (ukuta kati ya injini na ndani ya gari) au kadi ya gari. Zile herufi za mbele ya namba ya chasisi ndo zinazoongea, A ni familia ya injini za AZ, ya kwako ni 2AZ-FE plagi nne (silinda nne). M ni familia ya MZ, ile V6 ya 3.0, 1MZ-FE. Ukiona G ni GR, V6 ya 3.5. Afu namba, 30 ni 2WD na 35 ni 4WD. Kwa hiyo winga anakuuzia fremu ya gari yenye injini nyingine kabisa na gia boksi nyingine. Bolti nne kubwa za kwenye bodi zinaweza zikaingia vizuri tu na hapo ndo watu wanapoingizwa mjini, fundi anafurahi kabisa, akija kushusha injini ikae kwenye mauntini (mipira inayobeba injini) anakuta vikalio havipo pale anapovitaka. Hapo sasa inaanza kutoboa na kuchomelea vipande, na used yako uliyonunua ili usichomelee inageuka imechomelewa.

Ukitaka uhakika ingia kwenye katalogi ya Toyota ya mtandaoni, zipo za bure, weka namba yako ya chasisi, inakuletea mchoro wa mbele na namba ya kifaa. Namba za Toyota kwa kawaida zina tarakimu au herufi 10, tano za mwanzo zinasema ni kifaa gani (wishboni ya mbele kulia utakuta 48068, kushoto 48069) na tano za nyuma ndo zinatofautisha gari na gari. Toa namba ya sabufremu yako, kisha tafuta ya MCU30 na ya Kluger. Zikifanana mpe winga hela yake kwa amani. Zikitofautiana angalia kwanza kama moja imebadilishwa na nyingine, mana Toyota huwa wanafuta namba ya zamani wanaleta mpya na kifaa ni kilekile. Kama sio hivyo, achana nayo.

Kibajaji_Mstaafu

Mnampa mtu gharama za bure. Mimi nimeona gari kibao zimenyooshwa sabufremu kwa gesi na zinapiga ruti za Mbeya kila siku. Chuma ni chuma. Laki na nusu unalala kwako, hayo ya katalogi waachie wazungu.

FundiChini_Tegeta

Kibajaji ndugu yangu zinatembea ndiyo, hata yake sasa hivi inatembea. Swali ni inatembeaje. Ile sio nondo, ni bati limekunjwa kwa presi vipande viwili likaunganishwa, nguvu yake iko kwenye umbo lile. Ukilipasha moto mpaka liwe jekundu pale kwenye masikio ya wishboni linalainika, na pale ndo panapopokea kila shimo na kila breki. Halafu mbele ya Harrier alaimenti inarekebisha kitu kimoja tu cha maana, tairi kuangalia ndani au nje kupitia tai rodi (fito inayotoka kwenye raki hadi kwenye tairi). Ule mlalo wa tairi juu na chini unaweza kuuchezea kidogo kwa kubadili bolti za shokapu, ila tairi kurudi nyuma hakuna nati ya kuirekebishia, inategemea matundu ya sabufremu yako wapi. Mtaani unanyoosha kwa jicho na nyundo, ukikosea milimita chache tu tairi inaendelea kuliwa. Piga hesabu ya tairi za Harrier afu uniambie nani analala kwake.

Kwenye lori la fremu nzito kweli watu wananyoosha, tena kwa jeki na vipimo. Hii hapana.

Kibajaji_Mstaafu

Sawa fundi nimekusikia kwenye hilo la tairi. Ila mjue sio wote tuna laki nne.

WaGrogan254

Niaje wasee. Mimi niko Nairobi na niko upande wa Subaru lakini hii story naijua vizuri. Huku Kirinyaga Road ukiuliza krosimemba (hiyo sabufremu) ya mbele ya Impreza ama Forester utaambiwa zote ni moja, na kusema kweli kwa body nyingi zinaingia. Shida ni ukichukua ya gari haina tabo (turbo) uweke kwa gari iko na tabo. Ile ya tabo imetengenezwa na nafasi ya bomba la egzosi linalopanda kwa tabo, hii ingine haina hiyo nafasi, so unafunga bolti zote vizuri unafurahi, ukifika kwa egzosi bomba linagonga chuma. Jamaa yangu alikata na grainda akaacha hivyo hivyo, hiyo gari mimi siwezi panda.

So boss sikiza huyo fundi. Kuingia kwa bolti nne sio kuingia. Uliza injini, uliza gia boksi ni oto ama manual, uliza 4WD, uliza stering ni ya haidroli ama ya umeme. Ikiwa yote imefanana na yako ndio unaanza kubargain.

Mpemba_Sanaiya

Assalam aleikum. Mimi nipo Sharjah, nnafanya kazi huku huku sanaiya (eneo la viwanda) kwenye mascrap, kwa hiyo hilo la shemeji yako hebu nikueleze kabla hujatoa pesa.

Harrier kama Harrier huku hazipo, jina hilo ni la Japani. Huku ipo ndugu yake, Lexus RX. Hizi RX 330 zimejaa sana, nyingi zimekuja kutoka Marekani zishagongwa huko, zinakatwa vipande hapa. Sasa angalia matatizo yake kwako wewe. Kwanza RX 330 ni V6 ya 3.3, 3MZ, plagi nne huku huzioni. Pili zote usukani kushoto. Stering raki inafungwa kwenye hiyo hiyo sabufremu, na ile shafti ya usukani inashuka upande mwengine, kwa hiyo hata ukiipata nzima haina kutu wala nini ushabadilishiwa vitu viwili kwa mpigo. Na mtu akikutumia namba ya chasisi ya herufi na tarakimu 17 basi jua hiyo si gari ya Japani, za Japani zinaandikwa mfano ACU30 kisha kistari kisha namba saba.

Jengine ni usafirishaji. Ni chuma kirefu kipana, kinakula nafasi kwenye kontena, kwa hiyo ile bei chee unayoambiwa ni ya hapa mlangoni. Vitu vya kuagiza huku ni kama taa, milango, bodi za RX kwa mwenye RX. Wewe tafuta hapo hapo Dar iliyokuja na nusu gari (mbele ya gari iliyokatwa) kutoka Japani.

MtotoWaMsamvu

Daah asanteni sana wakuu, sheikh wa Sharjah umeniokoa, shemeji nishamwambia aache kwanza.

Mrejesho. Tumefungua wishboni leo. Ya kushoto imepinda, ukiilaza chini na mwenzake hata mtoto anaona. Tukafunga nyingine ya kuazima pale gereji tukapima tena, bado kushoto fupi kwa sentimita moja na kitu. Mshazari wa sabufremu haulingani, na pale sikio la nyuma la kushoto kuna mkunjo, rangi imepasuka. Bodi tumepima matundu yake yako sawa, alhamdulillah. Kwa hiyo ni wishboni NA sabufremu.

Namba nayo nimeiangalia kwenye katalogi, ya ACU30 yangu na ya MCU30 ni mbili tofauti na hakuna iliyobadilishwa na mwenzake. Nimempigia winga kumwambia, akanijibu "katalogi haijui gari za Bongo". Nikakata simu. Sasa nikienda mwenyewe Dar kutafuta niangalie nini hasa? Mana zote zinapakwa rangi.

DadaWaSpea

Kaka mimi nauza spea used miaka sasa ngoja nikwambie kutoka upande wa muuzaji, wenzangu watanisamehe.

Rangi nyeusi sio dhambi, tunapaka ili mali ipendeze na isishike kutu dukani. Ila wewe usinunue rangi. Nenda na bisibisi na tambara lenye thina kidogo, omba ruhusa, futa pale kwenye masikio ya wishboni na kwenye mishono. Muuzaji mwenye mali safi hakukatazi. Ukikuta mshono wa kuchomelea wenye manundu sio wa kiwandani huo, wa kiwandani umenyooka na upande wa pili uko hivyo hivyo. Gonga gonga na mpini wa bisibisi, chuma kizima kinalia, kilichooza ndani kinatoa sauti imekufa. Za Japani nyingine zinatoka kule kwenye barafu wanakomwaga chumvi barabarani, kwa juu nzima, chini zimeliwa.

Weka sakafuni palipo sawa, pima mshazari wake kama ulivyopima yako. Beba bolti moja moja za gari yako uziingize kwa mkono kwenye kila nati iliyochomelewa ndani, mana ikiwa imekufa uzi au inazunguka yenyewe huna pa kuishikia na spana, utakuja kukata chuma ili uifikie. Angalia matundu ya bolti za wishboni kama ni duara au yamekuwa yai.

La muhimu zaidi uliza imetoka wapi. Nyingi zinakuja kwenye nusu gari, mbele yote imekatwa na injini ndani. Ukikuta bado haijafunguliwa, soma kibati chake, piga picha, kama ni ACU30 na injini ni 2AZ basi umemaliza. Ikishafunguliwa na kurundikwa hapo unategemea neno langu na vipimo vyako, na neno langu leo zuri kesho kijana wa dukani kasahau. Na ukikuta hiyo ya nusu gari omba bei ya pamoja na wishboni, stabilaiza na bolti zake zote, usikubali kuambiwa bolti utatafuta kwingine, zile kubwa za sabufremu zina washa zake na urefu wake.

Mwisho tuandikishane kwenye risiti, aina ya gari, namba ya chasisi ilikotoka kama ipo, na kwamba isipoingia inarudi ikiwa haijachomelewa wala kutobolewa. Wengi tunakubali ukiomba kabla ya kulipa. Ukiomba baada ya kulipa utasikia mali ikitoka hairudi.

MtotoWaMsamvu

Dada ubarikiwe. Nilienda na fundi wangu kabisa. Kwanza tulizunguka Ilala mtu anakuletea ya Kluger, mwingine ya 4WD anasema "kata hapa tu", tukapita. Tukaja kupata nusu gari ya ACU30, kibati kinasomeka, silva, kalainishwa bei mpaka laki tano pamoja na wishboni zote mbili na stabilaiza. Ghali kuliko ya yule winga lakini nina wishboni ndani yake. Risiti imeandikwa vile ulivyosema, jamaa alinuna kidogo ila akaandika. Sabufremu tumeipandisha kwenye buti la basi iko Moro.

Fundi anafunga Jumamosi. FundiChini kuna kitu cha kumkumbusha? Yeye ni mzuri ila ana haraka.

FundiChini_Tegeta

Vipo, na kwa mwenye haraka ndo vinasahaulika.

Injini iningʼinizwe kutoka juu, kwa winchi au bomba lililolazwa juu ya fenda mbili na mnyororo, asiweke jeki moja chini ya sampu (bakuli la oili) akaamini. Kabla ya kuchomoa shafti ya usukani kutoka kwenye raki, tairi ziwe zimenyooka na usukani ufungwe, hata kwa mkanda wa siti. Ukizunguka peke yake wakati shafti imetoka, ule utepe wa eabegi uliomo ndani ya usukani unakatika, utaona taa ya eabegi na honi imekufa, gharama nyingine hiyo. Betri itolewe.

Raki itoke kwenye sabufremu ya zamani ihamie kwenye hii, mabomba ya haidroli yazibwe yasiingie mchanga, na baada ya hapo itolewe upepo kwa kuzungusha usukani kulia kushoto tairi zikiwa juu. Kagua bushi za raki na za stabilaiza hapo hapo, ukizirudisha mbovu utakuja kuishusha tena yote kwa ajili ya mpira wa elfu kumi.

Wakati wa kupandisha, bolti zote nne kubwa zianze kwa mkono kwanza, zikishika zote ndo akaze, tena kwa toki renchi na kipimo cha kwenye kitabu. Akitumia gani ya upepo kwa bolti ya kwanza, ya nne itakataa ataitengenezea njia kwa nguvu na nati ya kwenye bodi inakufa uzi. Bolti za bushi za wishboni azikaze mwisho kabisa gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake. Akizikaza wakati tairi zinaningʼinia ile mipira inakaa imesokotwa muda wote na haimalizi mwaka.

Kisha alaimenti. Mwambie akupe karatasi yenye vipimo vya kushoto na kulia, usiridhike na kuambiwa iko poa.

Premio_Kimara

Samahani kuingilia uzi wa mtu. Na mimi nina Premio, ile ya 2004, sabufremu imeoza kutu, nimeambiwa zote zinaingiliana. Kibati kimeandikwa ZZT240. Nimepata ya NZT240 bei nzuri.

FundiChini_Tegeta

ZZT ni 1ZZ ya 1.8, NZT ni 1NZ ya 1.5, na ukikutana na AZT hiyo ni 2.0. 240 ni 2WD, 245 ni 4WD. Weka namba ya chasisi yako kwenye katalogi kwanza, kisha tafuta ya hiyo NZT, zilete hapa namba zote mbili tuziangalie. Usilipe bado.

MtotoWaMsamvu

Imefungwa wakuu. Honi inalia, taa ya eabegi haijawaka, mauntini zimekaa bila kulazimisha. Wishboni ya kulia ya zamani fundi anaitaka abaki nayo kama sehemu ya ufundi, nimpe?

DadaWaSpea

Kama ni nzima ina bei hiyo kaka, mkatie kwenye hela ya ufundi.